Ukili wa Mwisho

Swali ninalolichukia kuliko yote ni hili: "Dada Shamsia, haya mawazo unayatoa wapi?" Wananiuliza wateja, wananiuliza wanaonifuata mtandaoni, na juzi kaniuliza mpaka fundi aliyekuja kuangalia mita ya umeme. Zamani nilikuwa na majibu matamu. Nilisema nayatoa kwenye ukungu wa Uluguru, kwenye kanga za marehemu mama, kwenye majani ya migomba baada ya mvua. Uongo mtupu. Nilikuwa nayatoa kwenye simu kama kila mtu. Naiba wazo la mtu wa mbali, nalivisha kitenge, nauza.

Kazi yangu ni mapambo ya nyumbani. Nina chumba cha kazi Mwembesongo, nyuma ya mashine ya kusaga, na kila ninachotengeneza hupata vumbi la unga kabla hakijapata mteja. Chupa tupu nazizungushia kamba ya katani zinakuwa vyombo vya maua. Masalia ya vitenge ya mafundi cherehani nayageuza foronya. Mkono wangu ni mwepesi, hilo sitalikana hata leo. Najua pia kukizeesha kitu. Unachemsha majani ya chai mpaka yatoe weusi, unapaka ubao mpya mara tatu, unaanika, na mteja akiushika anasema, "Hiki cha zamani hiki." Mimi natabasamu tu.

Mwaka juzi mama mmoja aitwaye Joyce alimaliza kujenga gesti yake ndogo Mafiga, vyumba vinane. Ni mtu asiyezunguka maneno. Nilimpelekea sampuli tatu, akazipanga mezani na kuzikataa moja moja.

"Hiki nimekiona kwenye simu. Hiki nacho nimekiona kwenye simu. Hiki kipo saluni ninakosukia. Shamsia mdogo wangu, nataka mgeni akiamka kwangu ajue ameamkia Morogoro. Nakupa wiki mbili."

Wiki ya kwanza iliisha sijapata kitu. Nilikaa na simu mpaka macho yakauma. Nilichora, nikachana. Kulikuwa na mabinti wawili wapya mjini wanaofanya kazi kama yangu, wana miaka ishirini na kitu na hawachoki, na nilianza kuogopa kweli kwamba nimekwisha. Kuogopa huko ndiko kulikonipeleka mlimani. Sitaki mtu adhani ni upendo.

Maana Yunusi alikuwa amenipigia mara tatu mwezi ule kuniambia mama yake anaumwa. Mama yake ni mama mkubwa wangu, Bi Raya, dada wa kuzaliwa tumbo moja na mama yangu. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Mama yangu alikufa nikiwa kidato cha pili, na mama mkubwa alizaa wanaume watupu, kwa hiyo katika tumbo lile mtoto wa kike nilibaki peke yangu. Lakini nililelewa mjini kwa baba. Ya kijijini niliyajua kama anavyoyajua mtu anayekwenda Idi mpaka Idi. Yunusi alipopiga mara ya tatu, nilichofikiria kwanza ni kwamba nyumba ile ya zamani haikosi vibuyu, nyungo na vikapu ninavyoweza kuvitumia.

Nilipita Mkuyuni asubuhi nikiwa na sukari, mche wa sabuni na mikate, nikapanda kwa bodaboda mpaka njia ilipokoma, nikamalizia kwa miguu. Mama mkubwa alikuwa chumbani, kitandani, amebaki kidogo sana ndani ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kukaa?"

"Narudi leo leo, mama. Kazi imenibana."

"Haya. Kazi." Akanishika mkono, akawa anapapasa vidole vyangu kimoja kimoja. "Vidole vya mama yako hivi. Vinajua kushona?"

"Vinajua."

"Vizuri," akasema, akasinzia akiwa bado amenishika.

Nilitoa mkono wangu taratibu nikaenda jikoni, alikokuwa Faraja, mke wa Yunusi, akipika maharage. Faraja ni mtu wa Ifakara, mpole, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mama mkubwa muda wote huo ambao mimi nilikuwa nabanwa na kazi. Nilizungusha macho. Vibuyu vimepasuka, ungo umetoboka. Nikauliza darini kuna nini. Faraja akasema kuna mahindi ya mbegu na mzigo wa mama. Nikapanda juu ya kinu, nikauvuta huo mzigo. Ulikuwa umefungwa kwa kaniki, mweusi kwa masizi.

Ndani yake mlikuwa na mkeka.

Mikeka nimeiona mingi, lakini ule ulinifanya nikae chini. Ulisukwa kwa ukindu mwembamba kama uzi wa nguo. Mweusi wake ulikuwa wa tope, mwekundu wake wa magome, na ukindu usiotiwa rangi ulikuwa umekaa juu ya moto miaka hata ukageuka rangi ya asali. Nakshi yake ilikuwa ngazi ndogondogo zinazopanda kutoka pande mbili na kukutana katikati, kama matuta ya mashamba ya kule juu ukiyatazama kutoka barabarani. Nikasema moyoni, nimeipata Morogoro ya Joyce.

Kitu kimoja tu kilikuwa pungufu. Mkeka wa ukindu unasuka kwanza mikanda mirefu, ndiyo ukili, kisha unaishona pamoja ubavu kwa ubavu. Wote ulikuwa umeshonwa isipokuwa ukili wa mwisho. Huo ulikuwa umeviringishwa pembeni, umefungwa kwa uzi, na sindano imechomekwa ndani yake.

"Huo wa mama," Faraja alisema. "Mimi siugusi. Husema wewe ndiye utakayekuja kuumalizia."

"Kwa nini hakuumaliza mwenyewe?"

"Sijui wifi. Kwetu tunasuka tunamaliza. Labda macho."

"Labda macho," nikasema, kwa sababu hilo ndilo jibu nililolitaka. "Basi naubeba nikaumalizie mjini."

Faraja alifurahi. Aliufunga mwenyewe tena kwenye kaniki, akakaza fundo. Nilikwenda kuaga nikakuta mama mkubwa amelala, mdomo wazi, pumzi inapanda na kushuka. Nilisimama mlangoni na mkeka kwapani. Ningeweza kumwamsha nikamuuliza, ilikuwa ni kumgusa bega tu. Sikumwamsha, na si kwa huruma. Niliogopa atasema hapana.

Siku iliyofuata nilitandika mkeka kwenye sakafu ya chumba changu cha kazi, nikapima, nikapiga mistari kwa chaki, nikachukua mkasi mkubwa wa fundi. Vipande vinane, sawasawa. Ukili ukiukata katikati unafumuka, kwa hiyo kila ukingo niliutia gundi ya moto kabla haujaachia, nikabandika kila kipande kwenye ubao na kukizungushia fremu ya paini iliyooshwa kwa chai. Ule ukili wa mwisho ulibaki. Ulikuwa mwembamba mno kwa fremu, nikauzungushia kioo changu cha ukutani kwa pini, mzima mzima.

Joyce alivikagua kimoja kimoja. Halafu akapitisha kiganja juu ya kimoja.

"Mama yangu! Wazo hili umelitoa wapi?"

"Mlimani," nikasema, na kwa mara ya kwanza haikuwa uongo.

Nilipiga picha vyumba vyote vinane. Nikatengeneza na video fupi: namna ya kugeuza mkeka chakavu kuwa pambo la ukutani, hatua kwa hatua, mkono wangu na mkasi wangu vinaonekana vizuri. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Wale mabinti wawili walinisifu hadharani. Nilifurahi, acha niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikawa naamka naimba. Yunusi alipopiga kuuliza habari za mkeka nikamwambia uko salama.

Wiki ya sita alipiga saa mbili asubuhi.

"Shamsia. Mama ametutoka alfajiri."

Nikasema innalillahi. Nikakaa kitandani.

"Tunazika baada ya Alasiri. Tungezika Adhuhuri ila tunakusubiri wewe na mkeka."

"Mkeka?"

"Mkeka wake wa kuzikiwa. Si ndio uliouchukua?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kulia, haikuwa na lawama yoyote. "Alisema asiwekwe chini bila huo. Mtu anausuka mwenyewe, anaacha ukili mmoja, mwanawe wa kike anaushona siku anapokufa. Ndivyo wanavyofanya kina mama wa kwetu. Kwani mama yako hakukuambia?"

Mama yangu alikufa hospitali ya mjini, akazikwa na upande wa baba. Nani angeniambia? Lakini hilo si jibu. Mtu wa kuniambia alikuwa amelala hatua tatu kutoka niliposimama, na nilimwacha alale.

"Nakuja nao," nikamwambia Yunusi.

Nilikimbia Mafiga na kanga niliyolalia. Joyce alikuwa akifagia ukumbi. Nilimweleza kwa maneno ambayo hata sikumbuki, na yeye hakuuliza la pesa wala la fremu, alichukua funguo.

"Vyumba vitatu vina wageni. Vitano hivi hapa. Kwa nini hukuniambia kwamba ni mkeka wa marehemu?"

"Hakuwa marehemu," nikasema.

Alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha uso kwenye funguo.

Nilishusha cha kwanza, nikakibandua kwa kisu cha jikoni. Gundi ilikuwa imeingia mpaka ndani. Ukindu ulikatika vipande vifupivifupi, ukadondoka kwenye malumalu kama pumba, na kwenye ubao kikabaki kivuli cha ngazi. Nilijaribu cha pili kwa maji ya moto. Kikafumuka mikononi mwangu chote. Joyce alinishika mabega akaniambia niache, mdogo wangu, acha, hakuna kinachorudi hapa. Aliyaokota makombo yale kwa mkono, hakutumia ufagio, akayatia kwenye mfuko wa mto na kunipa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga simu na kusema ukweli. Mimi nilifanya ninachokijua. Nilikwenda sokoni kutafuta mkeka. Mingi ilikuwa ya plastiki, ya ukindu ilikuwa na maandishi ya Karibu Mgeni, nikapata mmoja tu usio na neno, mpya, mweupe, wenye mistari myeusi na myekundu. Nikaupeleka nyumbani, nikachemsha sufuria kubwa ya majani ya chai, nikaupaka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, nikauanika juani, nikiutazama huku nikitazama saa. Nikabandua pini kwenye kioo, nikauviringisha ule ukili wa mwisho na kuchomeka sindano yake. Sindano nilikuwa nimeitupa kwenye kopo la vifungo. Nikaufunga mkeka ule kwa kaniki ileile yenye masizi, nikapanda mlima.

Hata nilipofika, ulikuwa bado na unyevu katikati.

Uani palikuwa pamejaa. Aliyeongoza shughuli za wanawake alikuwa Bi Zuhura, mtani wa ukoo wetu, bibi mwenye mgongo uliopinda. Msiba wa kwetu mtani ndiye mwenye kibali cha kufanya lisilofanyika. Alikuwa amevaa gauni la marehemu na mitandio yake miwili, anatembea kwa kuchechemea kama yeye, anaita kwa sauti yake ileile, "Faraja, maharage yameungua!" na watu wanacheka huku wanafuta machozi. Aliponiona akapaza sauti.

"Huyo bibi wa mjini amefika! Raya amevumilia kufa, ameshindwa kuvumilia kukusubiri wewe."

Watu wakacheka. Nami nilijaribu kucheka. Nikakaa kwenye sakafu ya chumba, chumba cha pili mwili ulikuwa umeshaoshwa na kuvikwa sanda. Wanawake wakatuzunguka. Nikafungua fundo, nikatandika.

Bi Zuhura aliinama ili afanye mzaha mwingine, niliuona mdomoni mwake unakuja. Akaweka kiganja juu ya mkeka. Akakitoa, akakinusa. Akanitazama machoni, na utani ukamwisha usoni kabisa, akawa bibi mzee tu aliyevaa gauni la rafiki yake.

Nilimsubiri aseme. Nadhani nilitaka aseme.

"Shona," akasema.

Nikashona. Ukili wa mama mkubwa, uliokaa darini juu ya moto miaka kumi na minne, niliushona ubavuni mwa mkeka wa sokoni. Mkono wangu haukutetemeka, ndiyo aibu yangu nyingine. Mshono ulikaa vizuri sana. Bi Zuhura alichuchumaa kando yangu akisimulia kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa, jinsi Raya alivyomshonea mama yake, na mama yake alivyomshonea wake. Ukimaliza, ncha inayobaki inakatwa na kupewa mshonaji, ili aanze nayo mkeka wake mwenyewe. Raya aliuanza huu kwa ncha ya mama yake. Alisema "huu" bila kuutazama.

Nikamaliza. Tukauweka juu ya jeneza, tukambeba mama mkubwa, alikuwa mwepesi, tukamlaza. Walipomsogeza kidogo ili akae sawa, niliona kwenye sanda, chini ya kiuno, pamekuwa kahawia. Pakawa panasambaa taratibu.

"Kuna maji," Faraja akasema. "Bi Zuhura, sanda imelowa."

"Maji ya kuoshea," Bi Zuhura akajibu upesi. Akavua mtandio mmoja wa marehemu aliouvaa, akaukunja na kuuingiza pale chini kwa mikono yake miwili. "Kaeni mbali. Waiteni wanaume."

Wanaume wakaingia, wakambeba. Sisi wanawake hatwendi makaburini, kwa hiyo nilisimama uani nikasikiliza sauti zao zikishuka bondeni mpaka zikapotea. Mama mkubwa wangu aliingia ardhini na doa la chai kwenye sanda, chai niliyoipika mimi.

Watu walipopungua nilimfuata Bi Zuhura nyuma ya jiko. Alikuwa ameshavua lile gauni, analikunja.

"Bibi," nikaanza.

"Sikunyamaza kwa ajili yako," akasema. "Nilinyamaza ili yeye aende. Maiti hangoji sisi tugombane." Akaendelea kukunja. "Mkeka wake uko wapi?"

Nikampa mfuko wa mto. Alitia mkono, akapekua yale makombo ya ngazi, akaurudisha mkono na kuukung'uta. Hakuuliza zaidi. Kwenye pindo la kanga yake niliona ile ncha ya ukili, amekwisha kuifunga fundo. Hakunipa, nami sikuwa na uso wa kuidai. Faraja alitoka jikoni wakati ule na kikombe cha uji, akanishika mkono, akaniambia, "Wifi, angalau ulifika kumshonea." Nililia kwa sauti, na yeye akadhani ni msiba, akanibembeleza.

Niliporudi mjini niliifuta video na picha zote. Joyce aliviteremsha vile vilivyobaki vyumbani, akanihifadhia kabatini, sijaenda kuvichukua. Lakini kitu kikishakaa kwenye simu za watu hakifutiki. Siku hizi ni mtindo. Nenda saluni, nenda ukumbi wa harusi, utakuta mkeka umekatwa na kutiwa fremu, na ukiuliza watakwambia ni wazo la dada mmoja wa Mwembesongo.

Wiki iliyopita binti mmoja nisiyemjua aliniandikia. Alituma na picha. Ukindu mwembamba, mweusi wa tope, umeiva kwa moshi, umetandikwa kwenye malumalu. "Dada Shamsia shikamoo. Nimeupata kwa bibi yangu kule juu, wa zamani kweli! Ukingo mmoja haujamalizwa, hata sindano ipo. Bibi anaumwa sikutaka kumsumbua. Nikate vipande vingapi?"

Nilimpigia papo hapo. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, mikono ikinitetemeka safari hii. Mara ya nne akapokea, ana furaha tele, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshaitazama ile video vizuri, na ameshakata viwili.